Supu Isiyokuwa na Mpishi

Mama mkwe wangu alishuka Voi kutoka Mwanda muda mfupi baada ya kumzika binti yake. Binti yake alikuwa mke wangu. Alifariki akijifungua, na mtoto, wa kike, akabaki. Mimi nilikuwa fundi wa mabomba ya maji wa reli, mtu wa kuitwa wakati wowote bomba linapopasuka, na wazee wa upande wa mke wangu waliona, bila kujadili sana, kwamba mtoto halelewi na spana. Bibi yake akafunga blanketi lake, akapanda lori la mboga lililokuwa likishuka sokoni, akaja kukaa kwangu.

Nasema kwangu, lakini yalikuwa makao ya reli, landi kama tulivyoyaita: vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta, kila kimoja na mlango wake wa kutokea barazani, na nyuma kibanda cha mabati cha kupikia. Mimi nilichukua chumba kimoja, yeye na mtoto wakachukua kingine. Mpango huo ulitufaa, kwa sababu kwetu milimani mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hatukupeana mikono. Hatukukaa upande mmoja wa baraza. Alipopita uani niligeuza uso, na kabla ya kutoka bafuni nilikohoa ili apate nafasi ya kuingia ndani. Chakula alinipikia yeye, akakiacha juu ya kigoda mlangoni, akaondoka kabla sijafungua. Hilo halikuwa na aibu. Kinyume chake, yaani mkwe kumpikia mama mkwe, hakikuwa hata na jina, maana hakuna aliyewahi kukifikiria.

Tulipohitaji kuambiana jambo tulimwambia mtoto.

"Mjukuu wangu," angesema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "mwambie baba yako makaa yamekwisha."

Mtoto hakuwa na meno bado. Nami nilijibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie bibi yako makaa yatakuja jioni."

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka mtoto alipoanza kutambaa na bibi akaanza kukohoa.

Mwanzoni alilaumu vumbi la Voi, na Voi ina vumbi la kutosha kulaumiwa. Upepo wa mchana huleta udongo mwekundu kutoka mashamba ya mkonge, ukaingia kwenye sufuria, kwenye shuka, kwenye masikio ya mtoto. Lakini vumbi halimkondeshi mtu. Nguo yake ilianza kuning'inia mahali ambapo zamani ilijaa, na asubuhi moja nilipokwenda kumwaga maji machafu nikaona damu kwenye majivu. Nilimwambia mtoto kwamba bibi yake atakwenda hospitali leo. Ukuta haukujibu, lakini alipotoka alikuwa amevaa viatu.

Ilikuwa kifua kikuu. Walimlaza kwa majuma kadhaa, na mtoto akakaa kwa jirani. Wodi ilipojaa wakamruhusu arudi nyumbani, wakisema kwamba sasa hawezi kumwambukiza mtu, ila lazima aende kuchomwa sindano kila asubuhi, na baada ya sindano zitafuata dawa za vidonge za muda mrefu, mwaka na zaidi. Daktari aliyenieleza hayo alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alisema maneno ambayo sikuyasahau.

"Dawa kazi yake ni kuua ugonjwa. Kujenga mwili si kazi yake. Huyu mama mwili wake hauna askari waliobaki. Ale mboga, ale ndengu, ale matunda. Kama hawezi kutafuna, apewe supu."

"Na asipokula?"

"Asipokula, atakwisha yeye kabla dawa hazijakwisha."

Hapo ndipo shida yetu ilipoanza, kwa sababu nyumbani kwangu hapakuwa na mwanamke mwingine wa kupika.

Jirani yangu wa mlango wa tatu alikuwa mke wa dereva wa garimoshi, mama kutoka magharibi, mnene, mwenye kicheko kilichosikika mpaka stesheni. Aliniita shemeji tangu siku ya kwanza na alinitania kama shemeji. Yeye ndiye aliyemlea mtoto wakati bibi alipokuwa wodini, na alijitolea kumpikia mgonjwa pia. Lakini mapishi yake yalikuwa ya watu wenye afya: ugali mgumu na sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta mpaka ikang'aa. Sahani ilirudi jinsi ilivyokwenda. Mafuta yalikuwa yameganda juu yake, na alama ya kijiko ilionekana upande mmoja tu, mahali alipojaribu.

Mimi sikusoma sana shuleni, lakini nimesoma sana nje ya shule. Nilikuwa na kitabu kidogo cha lishe nilichokinunua kwenye duka la kanisa kwa ajili ya mke wangu alipokuwa mjamzito. Nilikisoma tena, safari hii kama mtu anayesoma namna ya kutengeneza pampu. Kilisema mambo matatu ambayo mikono ya nyumbani kwetu haikuyafuata: kwamba mboga isikatwe kisha ikaoshwa, kwamba magadi yasitiwe kwenye majani, na kwamba maji yaliyochemshia mboga ndiyo yenye kile tunachokitafuta. Kwetu majani machungu huchemshwa, maji yakamwagwa migombani. Tulikuwa tukiipa migomba nguvu na kubaki na makapi.

Siku ya soko nikanunua karoti na vitunguu kwa wanawake waliotelemka kutoka milimani, boga kwa mzee mmoja aliyekuwa akileta mazao kutoka Njukini, mchicha, nyanya, kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Ndengu zilikuwa zimelala kwenye maji tangu jana yake. Nilizichemsha kwanza, peke yake, mpaka zikapasuka. Kisha nikatia boga na karoti, vyote nimevikata vidogo na sawa. Vitunguu na nyanya vikafuata, na tangawizi iliyopondwa, kidogo, maana koo lake lilikuwa na vidonda. Boga lilipolainika nikaponda yote kwa mwiko upande wa sufuria mpaka mchuzi ukawa mzito. Mchicha uliingia mwisho kabisa, umekatwa papo hapo, nikaipua sufuria na kuifunika ili majani yaive kwa mvuke na yabaki kijani. Chumvi nilitia nusu ya ile ambayo ningejitilia mimi. Ndimu nilikamua ndani ya bakuli, si ndani ya sufuria.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mtoto mgongoni, akinitazama.

"Shemeji, hiyo karoti unapima na futi?"

"Vipande vikilingana vinaiva pamoja."

"Hii ni supu ama ni bomba ya maji? Na ukioa tena sijui, huyo mwanamke ataolewa na futi." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Sasa tutasema nani amepika?"

"Wewe."

"Mimi? Mkono wangu ni wa mafuta, landi yote inajua. Huyo mama si mjinga."

"Ataamini akitaka kuamini."

Jirani alichukua bakuli, akalifunika kwa kitambaa chake mwenyewe na si changu, jambo ambalo mimi sikulifikiria, akaenda mpaka mlango wa pili na kubisha. Nilikaa kibandani na moshi. Niliwasikia wakisalimiana. Nilisikia jirani akisema, "Mama, leo nimekupikia supu ya kwetu," na nikashangaa jinsi alivyosema uongo kwa wepesi, kama mtu anayekaribisha wageni. Baada ya muda nikasikia kijiko kikigonga chini ya bakuli.

Tukawa na utaratibu. Nilipika asubuhi kabla ya kazi, na jirani akaichukua mgonjwa anaporudi kutoka kwenye sindano. Nilibadilisha mboga kwa kufuata soko: majani ya kunde yakipatikana, njegere zikishuka kutoka Wundanyi, viazi boga likikosekana. Bibi alituma sifa kupitia jirani, na jirani alinifikishia kwa kuongeza chumvi yake. Siku moja bibi alimwambia, "Mwanangu, nyinyi watu wa huko mnakata karoti vizuri sana." Jirani alirudi kibandani akiwa ameziba mdomo kwa leso.

"Anajua," alisema. "Huyo mama anajua kabisa."

Nadhani alijua tangu bakuli la kwanza. Lakini supu ilikuwa na mwenyewe, mwanamke, jirani, aliyebisha mlango na kusema ni yake. Aibu ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa safi. Kitu kilichofunikwa vizuri, kwetu, ni kama hakipo.

Kisha mume wa jirani akahamishwa kwenda Nakuru. Reli ilikuwa ikihamisha watu bila kuwapa nafasi ya kuaga vizuri. Leo barua, kesho kutwa behewa la mizigo. Jirani alipokuja kuniaga alikuwa analia na kunitania kwa pamoja. "Shemeji, sasa utajipikia na kujipakulia na kujisifu mwenyewe."

Siku iliyofuata nilipika kama kawaida, nikaweka bakuli juu ya kigoda mlangoni kwa bibi, nikakohoa na kuondoka. Niliporudi mchana bakuli lilikuwa pale pale, na nzi juu ya kitambaa. Nikajaribu tena kesho yake, na tena. Alikwenda hospitali kwa miguu yake na kurudi, akalala, hakula ila uji mwembamba aliojikorogea mwenyewe akishikilia nguzo ya kibanda. Nilizunguka landi nikitafuta mwanamke mwingine. Mmoja aliogopa kifua kikuu. Mwingine alisema atakuja na hakuja. Nyuma ya ukuta niliisikia pumzi ya bibi ikikwaruza.

Nikakaa barazani, upande wangu, na mtoto mapajani. Wakati huo alikuwa ameanza kusimama.

"Mwambie bibi yako," nikasema, "kwamba dawa juu ya tumbo tupu itamuua."

Kutoka ndani, kwa sauti ndogo: "Mjukuu wangu. Supu ya jirani niliila kwa sababu jirani aliileta. Hii iliyo mlangoni sioni mwenyewe."

"Mwambie bibi yako kwamba mwenyewe yupo."

"Basi mwambie huyo mwenyewe asijitaje."

Nilifikiri jambo hilo kwa muda mrefu. Mwishowe nilikwenda kibandani, nikatia supu kwenye kikombe cha bati, nikaiacha ipoe mpaka isiweze kumuunguza mtu. Nikampa mtoto kikombe akishike kwa mikono miwili, nikamsimamisha kwenye kizingiti cha chumba cha bibi, nikageuza uso kuelekea reli.

Alipiga hatua zake za ulevi. Nilisikia supu ikimwagika sakafuni, nikasikia bati likigonga ukingo wa kitanda. Kisha bibi akasema, "Asante, mama," kama anavyoambiwa mwanamke mzima aliyetoka jikoni kwake. Mtoto alikuwa na jina la bibi yake, na kwetu mwenye jina lako ni wewe. Mtu hawezi kuaibika kwa kula mkononi mwake mwenyewe.

Kila siku nusu ilimwagika. Kwa hiyo nilipika mara mbili ya kipimo na kumtuma mtoto mara mbili. Nilipiga deki baadaye, bibi akiwa amekwenda hospitali. Sakafu ile ilikuwa na harufu ya vitunguu mpaka nilipohama.

Alipona, au alionekana kupona. Naandika hivyo kwa makusudi. Kikohozi kilipungua, mashavu yakarudi, nguo ikajaa tena. Sindano zikaisha wakampa vidonge. Siku moja nikarudi kazini nikakuta chakula changu juu ya kigoda, kimefunikwa, na nikajua kwamba anaondoka. Alimwambia mtoto kwamba mvua imekaribia, shamba lake halina mtu, na kwamba baba yake atafute msichana wa kumlea. Nilimwambia mtoto amkumbushe bibi kwamba vidonge ni vya mwaka mzima na zaidi, na kwamba kila mwezi ashuke achukue vingine. Ukuta ukasema umesikia. Kuhusu kilichomfukuza sikuuliza. Mvua ilikuwa kweli imekaribia. Pia alikuwa na nguvu sasa, na mtu mwenye nguvu huona kile alichokula alipokuwa dhaifu.

Mwezi wa kwanza alishuka. Wa pili hakushuka. Nilimuuliza kaka ya mke wangu, ambaye alikuwa akileta kabichi sokoni Voi.

"Mama ni mzima," alisema. "Amelima mpaka mpaka wa jirani. Anasema vidonge vinamkoroga tumbo, na vya nini sasa? Anasema ile supu ya yule jirani yako ndiyo iliyomponya. Wanawake wanakuja kujifunza. Hata kuna mzee mmoja pale juu anayekohoa tangu mwaka jana, alikuwa anataka kwenda hospitali. Sasa anakunywa supu."

Nilimwambia pale pale sokoni kwamba supu haiui kifua kikuu. Alinitazama kwa upole.

"Wewe umejuaje habari za supu?"

Nilisema daktari ameniambia. Akasema madaktari hawapendi dawa za watu, akaendelea kupanga kabichi.

Nilingoja mwezi mwingine. Kisha kaka yule akashuka na habari kwamba mama amekonda tena kidogo, na kwamba wanaongeza tangawizi. Nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua mtoto, tukapanda Mwanda.

Tulifika mchana. Kuna baridi kule ambayo mtu wa Voi huisahau, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba. Walinikaribisha nje, kama inavyompasa mkwe, kwenye benchi chini ya ukingo wa paa. Alikuwepo kaka ya mke wangu, alikuwepo mzee wa ukoo, na kwenye kiti cha kamba alikuwepo yule mzee mwingine mwenye kikohozi, mikononi mwake bakuli likitoa moshi. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo, nilimsikia bibi akikohoa. Nilikijua kikohozi kile. Kilikuwa kimerudi chini kabisa kifuani, mahali pake pa zamani.

Tulisalimiana kwa urefu unaostahili. Nikasema nimekuja kumwomba mama ashuke, dawa zake ziko hospitali, gari litapita kesho asubuhi.

"Atashuka akitaka," mzee wa ukoo alisema. "Lakini mbona una haraka? Alipona hapo kwanza kwa chakula. Chakula kipo."

"Alipona kwa sindano."

"Wangapi wamechomwa sindano pale Voi wakarudi kwa jeneza?" akauliza, bila ubishi, kama mtu anayeuliza bei. "Yeye alirudi kwa miguu. Tofauti yake na wao ni ile supu. Yule mama wa magharibi aliijua dawa yake."

Mwenye kikohozi akatikisa kichwa na kunywa.

Ningeweza kunyamaza, na heshima ilinitaka ninyamaze. Nilimtazama yule mzee na bakuli lake, nikasikiliza nyuma ya mlango, nikasema, "Yule mama hakuijua. Hakuipika hata siku moja. Supu ile niliipika mimi, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni ndengu, boga na karoti. Niliitoa kwenye kitabu cha chakula. Inampa mwili nguvu ya kubeba dawa. Dawa isipokuwepo, haina cha kubeba."

Kaka ya mke wangu alitazama miguu yake. Mzee wa ukoo alivuta koti lake akalifunga, ingawa lilikuwa limefungwa. Mwenye kikohozi aliweka bakuli chini polepole, kando ya kiti, mbali kidogo na mguu wake.

Ndani hakukuwa na kikohozi kwa muda, kana kwamba anakizuia. Kisha akamwita mtoto. Mtoto aliingia, siku hizo alikuwa ameanza kuunga maneno. Nilisikia mnong'ono. Akatoka akasimama mbele yangu, na kwa kuwa alikuwa amefundishwa kufikisha maneno tangu kabla hajayajua, akayafikisha yote, kwa sauti kubwa, mbele ya wazee.

"Baba, bibi anasema umemvua nguo mbele za watu."

"Mwambie bibi," nikasema, "gari litapita kesho asubuhi."

Aligeuka kwenda. Mlango ulikuwa umefungwa.

Asubuhi gari lilipita. Aliyepanda ni yule mzee mwenye kikohozi, na blanketi, na mwanawe wa kumshika. Hakunisalimu njiani, lakini aliniacha nimwandikishe hospitalini, na alikubali nimpikie mpaka alipopata ndugu wa kufanya hivyo. Hatukuwa na uhusiano, kwa hiyo alikula mkononi mwangu bila taabu. Alimaliza vidonge vyake vyote.

Bibi hakushuka. Nilituma vidonge kwa kaka ya mke wangu, vikarudi. Nilituma karoti na boga, vikarudi pia, vimeanza kuoza. Alikufa miezi ya baridi, kabla mahindi hayajakomaa.